Upana wa makadirio ya mionzi kwenye chakula hausemi kile tunachodhani unasema

Tangu tarehe 24 Agosti 2023, maji yaliyosafishwa ya kituo cha nyuklia cha Fukushima Daiichi nchini Japani yamekuwa yakimwagwa baharini kwa awamu, na mpango ni kuendelea hivyo kwa miongo kadhaa. Mjadala uleule, kama chakula kinachotoka huko ni salama, hurudi kila mara. Upande mmoja husoma tathmini za dozi (kiasi cha mionzi kinachompata mtu), huona kwamba makadirio yana kiwango cha chini na cha juu vinavyopishana sana, kisha huamua kwamba wataalamu hawajui wanachokisema. Upande wa pili huchukua namba moja, kwa kawaida ile yenye sifuri nyingi baada ya nukta, na kuitangaza kana kwamba imesomwa moja kwa moja kwenye mizani. Pande hizi zinapingana, lakini zimekosea jambo moja: zote zinachukulia upana wa makadirio kuwa kipimo cha ujinga. Wa kwanza wanaushikilia kama ushahidi, wa pili wanauficha kama aibu.

Upana wenyewe hausemi kama chakula ni salama au la. Mbele ya makadirio yoyote ya mionzi kwenye mnyororo wa chakula kuna maswali mawili yenye uzito. Je, upana huo unavuka kikomo ambacho uamuzi unategemea? Na je, umehesabiwa kwa kuzingatia kwamba modeli yenyewe, yaani mchoro wa kihesabu wa safari ya mionzi, huenda imeacha njia fulani ambayo mionzi hupitia? Swali la kwanza hujibiwa kwa hesabu ya kawaida. La pili hupuuzwa karibu kila mara, na makosa makubwa zaidi ya fani hii tangu ajali ya kituo cha nyuklia cha Chernobyl ya 1986 yametoka huko, hayakutoka kwenye upana uliozidi.

Kitu chenye mionzi kikitua ardhini hupita hatua kadhaa kabla ya kufika mezani. Sehemu yake hushikwa na majani, nyingine huingia udongoni, mizizi hunyonya kiasi, mnyama hula majani, na sehemu ndogo ya alichokula hutoka kwenye maziwa au hubaki kwenye nyama. Modeli nyingi huwakilisha kila hatua kwa uwiano mmoja. Uwiano wa mmea na udongo ni bekereli (kipimo cha wingi wa mionzi kwenye kitu) kwa kilo ya mmea mkavu, kugawa kwa bekereli kwa kilo ya udongo mkavu. Uwiano wa maziwa ni bekereli kwa lita, kugawa kwa bekereli anazokula ng'ombe kwa siku. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki (IAEA) limekusanya vipimo vya namna hii kwenye kitabu chake cha vigezo namba 472, kilichotoka mwaka 2010 kuchukua nafasi ya kile cha 1994. Humo, uwiano wa sesiamu-137 (moja ya vitu vyenye mionzi vinavyotoka kwenye ajali za nyuklia) kwenye punje za nafaka una wastani wa kijiometri wa karibu 0.03, lakini kipimo kidogo kabisa na kikubwa kabisa vinapishana zaidi ya mara elfu moja.

Tofauti hiyo haitokani na maabara zembe. Kikemia, sesiamu ni ndugu wa potasiamu, na mmea huinyonya kwa njia zilezile. Udongo wa mfinyanzi wenye madini ya ilaiti huikamata kwenye kingo za matabaka yake na kuing'ang'ania kwa miaka. Udongo wenye potasiamu nyingi huupa mmea mbadala, kwa hiyo sesiamu inayonyonywa hupungua. Udongo wa mboji, wenye asidi na madini machache, hauna pa kuifungia, na mizizi huendelea kuipata msimu baada ya msimu. Ongeza aina ya mmea, mbolea, na muda uliopita tangu mionzi ianguke. Sababu hizi huzidishana, hazijumlishani, ndiyo maana vipimo vikichorwa huwa na mkia mrefu upande wa juu. Kwa sababu hiyo wataalamu hutoa wastani wa kijiometri pamoja na mchepuko sanifu wa kijiometri, ambao hapa nitauita kizidishio cha mtawanyo. Kizidishio cha 4 kina maana kwamba takriban asilimia 95 ya thamani zimo kati ya wastani uliogawanywa kwa 15 na wastani uliozidishwa kwa 15.

Tufanye hesabu kamili, kwa sababu mabishano mengi huishia pale namba zinapowekwa wazi. Chukua malisho yaliyopokea bekereli 10,000 za sesiamu-137 kwa mita mraba. Tukihesabu sentimita 10 za juu za udongo, zenye kilo 140 kwa mita mraba, tunapata bekereli 71 kwa kilo ya udongo. Weka uwiano wa nyasi na udongo kuwa 0.25, na kizidishio chake 4: nyasi zitakuwa na bekereli 18 kwa kilo kavu. Ng'ombe akila kilo 15 kavu kwa siku, ameingiza bekereli 268. Uwiano wa maziwa kwa sesiamu ni karibu 0.0046 kwa lita, na kizidishio chake ni 2. Jibu ni bekereli 1.2 kwa lita. Sasa unganisha shaka za hatua zote. Chukua logi asilia ya kila kizidishio (nimeweka 1.3 kwa kina na uzito wa udongo, na 1.2 kwa kiasi cha malisho), zipige mraba, zijumlishe, kisha utafute kipeo cha pili. Kizidishio cha jumla kinakuwa karibu 4.9, na kiwango chenye asilimia 95 kinaanzia bekereli 0.06 hadi 27 kwa lita. Ncha mbili hizo zinapishana takriban mara 490.

Hapo ndipo wengi huacha kusoma na kusema hakuna anayejua lolote. Lakini endelea hatua moja zaidi. Mtu mzima anayekunywa lita 180 za maziwa hayo kwa mwaka, kwa dozi ya milisivati (kipimo cha dozi mwilini) 0.000013 kwa kila bekereli ya sesiamu-137, atapata milisivati 0.003 kwa makadirio ya kati, na milisivati 0.06 kwa ncha ya juu. Kikomo cha kawaida cha dozi ya ziada kwa umma ni milisivati 1 kwa mwaka. Upana wa mara 490 umekaa wote chini ya kikomo, ukiacha nafasi ya zaidi ya mara 15. Kuhusu njia hii moja ya maziwa, uamuzi ni thabiti ingawa namba yenyewe haijulikani vizuri. Kinyume chake pia ni kweli: makadirio yanayopishana mara mbili tu, ncha moja ikiwa chini ya kikomo na nyingine juu yake, yanaonekana nadhifu lakini hayamsaidii mtu kuamua.

Hesabu hiyohiyo inafichua kosa linalojirudia hata kwenye ripoti za kitaalamu. Mtawanyo wa aina hii una namba ya kati (inayogawa thamani nusu kwa nusu) ya 1.2, ilhali wastani wake wa kawaida ni karibu 4.3, mara tatu na nusu zaidi, kwa sababu mkia wa juu huuvuta. Anayetaka dozi ya jumla ya watu wengi wanaokunywa maziwa yaliyochanganywa kutoka mashamba mengi anahitaji wastani wa kawaida. Anayetumia namba ya kati kwa kazi hiyo anapunguza dozi ya jumla kwa zaidi ya theluthi mbili bila kujua. Ripoti isiyosema imetumia ipi kati ya hizo mbili haifai kunukuliwa, hata ikiwa na majedwali mazuri kiasi gani.

Kosa la kinyume chake ni kurundika tahadhari. Mtu huchukua thamani ya asilimia ya 95 (ile iliyo juu ya asilimia 95 ya thamani zote) kwa kila kigezo na kuzizidisha, akiamini amepata asilimia ya 95 ya jibu. Kwa mfano wetu anapata bekereli 78 kwa lita, wakati asilimia ya 95 halisi ni karibu 17. Namba yake iko karibu na asilimia ya 99.6, na kadiri hatua zinavyoongezeka ndivyo inavyozidi kukimbilia mahali ambapo hakuna shamba halisi. Watetezi wa njia hii wana hoja inayostahili heshima: wakati wa dharura hakuna muda wa kuhesabu mitawanyo, na kukosea upande wa usalama ni afadhali kuliko kinyume chake. Kwa saa za mwanzo nakubaliana nao kabisa. Iodini-131, kitu kingine chenye mionzi kinachotoka ajalini, hupungua nusu kila siku 8, na kwenye nyasi, ambako mvua na ukuaji huiondoa kwa nusu katika takriban wiki mbili, hupungua nusu kila siku 5 hivi. Maziwa hufikia kilele siku chache tu baada ya mionzi kuanguka. Anayesubiri hesabu kamili kabla ya kuwaondoa ng'ombe malishoni ameshachelewa, na watoto wa Belarus, Ukraine na Urusi walioachwa waendelee kunywa maziwa hayo mwaka 1986 walilipa gharama kwa saratani ya tezi ya shingo.

Lakini tahadhari ya saa za mwanzo ikigeuka kuwa utaratibu wa miaka, huleta madhara yake. Watu huhamishwa, mashamba hufungwa, chakula kizuri hutupwa, na namba iliyotiwa chumvi kwa makusudi huanza kusomwa kama kipimo halisi. Kamati ya kisayansi ya Umoja wa Mataifa kuhusu athari za mionzi ya atomiki (UNSCEAR) ilikumbana na jambo hili Fukushima. Ripoti yake ya 2013 ilikadiria dozi za chakula kwa kutumia vipimo ambavyo vingi vilichukuliwa makusudi kwenye maeneo na vyakula vilivyoshukiwa, na yenyewe ikakiri kwamba huenda imezidisha. Ripoti yake ya baadaye, ya 2020, ilizishusha. Aliyekuwa ameshika namba za kwanza kama ukweli wa mwisho aliona mabadiliko hayo kama udanganyifu, wakati maelezo ya upande gani yameegemea yalikuwa humohumo kwenye ripoti ya awali.

Kuna shaka za aina mbili ambazo hesabu ya Monte Carlo (kompyuta kurudia hesabu katika mizunguko mingi, kila mara kwa thamani zilizochaguliwa kwa bahati nasibu) huzichanganya kirahisi. Ya kwanza ni tofauti halisi: mashamba hayafanani, ng'ombe hawafanani, walaji hawafanani. Ya pili ni kutojua kwetu: thamani ya kweli ya shamba hili moja ipo, ila hatujaipima. Ya pili hupungua ukipima; ya kwanza haipungui, inaelezwa vizuri zaidi tu. Norway iliweka kikomo cha bekereli 6,000 kwa kilo ya nyama ya renidia (mnyama wa jamii ya kulungu wa nchi za baridi) mwaka 1986 kwa sababu wananchi wengi huila mara chache sana, lakini wafugaji wa Kisami, wenyeji wa kaskazini, huila karibu kila siku. Kuwaweka wote kwenye mtawanyo mmoja na kutangaza asilimia ya 95 ya nchi nzima ni kulificha kundi linaloathirika zaidi ndani ya mkia wa mchoro. Njia sahihi ni mizunguko miwili ya hesabu. Wa nje huchagua thamani tusizozijua, wa ndani hutofautisha watu na mashamba, na jibu linakuwa familia ya mitawanyo badala ya mmoja.

Shaka ya pili ikishajulikana iko wapi, kuipunguza si ghali kama inavyodhaniwa. Kwenye mfano wetu, uwiano wa nyasi na udongo peke yake hubeba takriban asilimia 77 ya shaka yote, maziwa asilimia 19, na vingine vyote vilivyobaki asilimia 4. Kwa hiyo kupima kwa usahihi kilo za malisho ni kupoteza pesa. Chukua sampuli tano za jozi, udongo na nyasi za mahali palepale, na ikiwa tofauti kati ya jozi na jozi ina kizidishio cha karibu 1.8, shaka ya uwiano wa eneo hilo hushuka kutoka kizidishio cha 4 hadi karibu 1.3. Upana wa jibu la mwisho hushuka kutoka mara 22 kila upande hadi karibu mara 5. Sasa maziwa ndiyo yanayobeba sehemu kubwa ya shaka iliyobaki, na hayo hupimwa moja kwa moja kwa lita moja na kifaa kinachosoma miale ya gama.

Sampuli zenyewe ziangaliwe kwa makini, kwa maana hapa huharibika mengi. Nyasi zikikatwa chini sana, udongo huja nazo. Kwenye mfinyanzi, ambako uwiano unaweza kuwa 0.02, nyasi safi zina bekereli 1.4 kwa kilo. Udongo wa asilimia 5 tu ya uzito wa sampuli huongeza 3.6, na uwiano unaonekana kuwa mara tatu na nusu ya ulivyo. Jambo lingine ni uzito mbichi na uzito mkavu. Nyasi mbichi zina maji takriban asilimia 80, kwa hiyo atakayechanganya vipimo viwili hivyo amekosea mara tano kabla hajafungua programu yoyote. Kisha kuna matokeo yaliyo chini ya uwezo wa kifaa. Kama kifaa hakioni chini ya bekereli 10 kwa kilo, na sampuli 90 kati ya 100 ziko chini ya hapo, kuandika 10 au 5 mahali pa kila moja kunafanya wastani uamuliwe na kifaa na si chakula. Zipo mbinu za takwimu za kushughulikia vipimo vya namna hiyo kama "chini ya 10" bila kuvibunia namba, na hazihitaji zaidi ya programu za bure.

Kompyuta nayo hudanganya ikiachwa ijiendeshe. Udongo unaoshikilia sesiamu kwa nguvu huwa na uwiano mdogo wa mmea. Vigezo hivi viwili hupanda na kushuka kwa kupishana. Modeli inayovichagua kila kimoja kivyake itatengeneza udongo usiokuwepo duniani, unaokamata sesiamu yote na wakati huohuo kuilisha mimea kwa wingi. Idadi ya mizunguko pia ina kanuni yake. Kwa modeli nzito inayochukua saa nyingi kila mzunguko, mizunguko 59 inatosha, kwa kanuni ya Wilks, kusema kwa uhakika wa asilimia 95 kwamba thamani kubwa kabisa iliyopatikana imefikia au kupita asilimia ya 95. Kwa modeli nyepesi, 10,000 hazina gharama. Hata hivyo mizunguko milioni moja juu ya modeli yenye kasoro hutoa kasoro hiyohiyo kwa desimali nyingi.

Sasa swali la pili. Juni 1986, baada ya mvua kuangusha sesiamu ya Chernobyl kwenye vilima vya Wales na Cumbria, serikali ya Uingereza ilizuia kuhamisha na kuchinja kondoo wa huko, ikitarajia zuio lidumu wiki tatu. Matarajio hayo yalijengwa juu ya ujuzi wa udongo wa mfinyanzi wa mabondeni, ambako sesiamu hufungwa haraka. Vilima vile vina mboji. Sesiamu iliendelea kuzunguka kutoka mizizi hadi majani hadi kondoo, juu ya kikomo cha bekereli 1,000 kwa kilo, na zuio la mwisho liliondolewa mwaka 2012. Hakuna kizidishio cha mtawanyo ambacho kingeokoa makadirio yale, kwa kuwa vipimo vya kwenye mfinyanzi, hata vikiwa na mkia mrefu, havina habari za mboji. Kosa lilikuwa kwenye mchoro wa modeli, kabla ya namba ya kwanza kuingizwa.

Mfano wa pili unahusu tritiamu, haidrojeni yenye mionzi ambayo imebaki kwenye maji yaliyosafishwa ya Fukushima, hivyo unagusa moja kwa moja mabishano ya leo. Modeli za kawaida husema samaki huwa na tritiamu sawa na maji anamoishi, yaani uwiano wa 1, kwa sababu tritiamu huwa ni sehemu ya maji yenyewe. Karibu na Cardiff, mji wa Wales, kwenye mlango wa mto Severn, samaki wa chini ya bahari walipimwa wakakutwa na uwiano wa maelfu. Sababu ilikuwa majitaka ya kiwanda cha kemikali za tiba na utafiti: tritiamu ilikuwa imeshikana na molekuli za kikaboni, na hizo huingia kwenye matope, vijidudu na minyoo, kisha samaki. Mfano wa tatu ni wa nguruwe pori wa Bavaria, Ujerumani. Wakati sesiamu imepungua kwa wanyama aina ya paa na kwenye mazao, nguruwe hawa wamebaki juu ya kikomo cha bekereli 600 kwa kilo, kwa kuwa huchimba kuvu wa ardhini wanaopokea sesiamu inayoteremka polepole udongoni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha pia kwamba sehemu kubwa ya sesiamu hiyo haikutoka Chernobyl, ilitoka kwenye majaribio ya silaha ya miongo ya nyuma. Modeli yenye chanzo kimoja na udongo wa tabaka moja isingeweza kuona hilo.

Kutokana na mifano hii, wapo wanaosema tuache modeli, tupime chakula tu. Hoja hii ina nguvu zaidi kuliko inavyopewa. Kipimo hakihitaji kujua njia. Kondoo aliyepimwa akiwa hai amepimwa pamoja na mboji yake. Japani ilijenga imani ya walaji kwa kupima, ikitumia kikomo cha bekereli 100 kwa kilo tangu Aprili 2012, na nadhani hakuna modeli ingefanya kazi hiyo. Lakini kipimo husema ya jana na ya sampuli ile. Hakisemi maziwa yatakuwaje wiki ijayo ng'ombe wakitolewa zizini, wala miaka 20 ya kumwaga maji italeta nini. Na bila modeli kipimo kimoja hakina maana yake. Mei 2023 samaki aliyevuliwa ndani ya bandari ya Fukushima Daiichi alikuwa na bekereli 18,000 za sesiamu kwa kilo. Wengi walimtumia kama ushahidi dhidi ya kumwaga maji, wakati alivuliwa miezi mitatu kabla ya umwagaji kuanza, na sesiamu yake ni ya uchafuzi wa tangu ajali ya 2011 ndani ya bandari ile. Wengine walimfuta kama ajali ya takwimu. Samaki huyu hakanushi makadirio ya bahari ya wazi, ila anaonyesha kwamba bandari ni mfumo mwingine unaohitaji hesabu yake, na kwamba nyavu za kuzuia samaki kutoka humo ni sehemu ya usalama wa chakula sawasawa na mtambo wa kusafisha maji.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile inayosikika zaidi: upana ni mkubwa, kwa hiyo hawajui, kwa hiyo si salama. Inavunjika mahali pawili. Kwanza, inaruka kikomo, kama mfano wa maziwa ulivyoonyesha. Pili, inawaadhibu waliosema ukweli. Mtathmini aliyeandika namba moja bila upana hana shaka ndogo, ameificha. Tukizoea kumshambulia anayetoa upana mpana, tutapata ripoti zenye namba moja moja na wataalamu waliojifunza kunyamaza.

Turudi kwenye tritiamu ya Fukushima kwa maswali yale mawili. Kikomo walichojiwekea waendeshaji ni milisivati 0.05 kwa mwaka, na makadirio yote yaliyotolewa yako chini sana ya hapo. Tuseme tritiamu yote anayokula mtu kwenye samaki imeshikana na mata ya kikaboni, jambo lisilowezekana: dozi kwa kila bekereli ingepanda mara 2.3 tu. Upana hauvuki. Kwa hiyo kinachobaki ni swali la muundo, na Cardiff inatuambia liulizweje: je, kuna tritiamu ya kikaboni kwenye maji yanayomwagwa, na samaki wanaikusanya? Hilo hujibiwa kwa vipimo vya kikemia vya maji na vya samaki, si kwa mizunguko zaidi ya kompyuta. Samaki bapa waliofugwa kwenye maji yaliyosafishwa kituoni walionyesha tritiamu ikifikia kiwango cha maji na kuishia hapo, kisha kushuka waliporudishwa kwenye maji ya kawaida ya bahari. Ni ushahidi mzuri, na unafaa uendelee kukusanywa na watu wasio na masilahi kwenye kituo, maana miongo ni muda mrefu na mchanganyiko wa maji kwenye matangi si mmoja.

Kwa yeyote anayeandika au kusoma tathmini za namna hii, ningependa mambo matatu yawe ya lazima kama sahihi ya mwandishi: kusema namba ni ya kati au ni wastani, kutenganisha tofauti halisi na kutojua, na kutaja njia zilizoachwa nje ya modeli pamoja na sababu. La mwisho ndilo lenye thamani kubwa zaidi na ndilo linalokosekana zaidi. Kisha iwepo sheria ya kujikosoa iliyoandikwa kabla vipimo havijaanza. Chora mstari wa asilimia ya 95 wa modeli, pima sampuli 20 zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, hesabu zilizovuka. Moja ni kawaida, mbili au tatu hazishangazi sana. Nne au zaidi hutokea chini ya mara 2 katika 100 kama modeli ni sahihi, na zikitokea, kishawishi kitakuwa kupanua mtawanyo hadi sampuli zote zitoshe ndani. Usifanye hivyo. Nenda kwenye zile nne, uliza zinashirikiana nini, udongo gani, lishe gani, kina gani cha maji, na utafute njia ambayo haimo kwenye mchoro.